Rafiki yangu Mmalawi ananialika harusini Mzuzu lakini hataki mchango wangu. Ni heshima au nimetengwa?

#1 Mwanjelwa Kwetu

Wakuu, salaam.

Nina rafiki yangu wa Karonga, tumejuana miaka mingi kwa biashara. Akipanda Mbeya kufunga mzigo wa viatu na vyombo analala kwangu, mimi nikishuka Karonga nalala kwao. Mama yake ananiita mwanangu, na akiongea Kingonde chake mimi Mnyakyusa namsikia bila mkalimani. Sasa jamaa anaoa. Ndoa inafungwa Mzuzu kwa kina bibi harusi, kanisa la CCAP, la Kipresbiteri, halafu ukumbini.

Kinachonisumbua ni kwamba sijaletewa kadi ya mchango. Hakuna kamati iliyonipigia, hakuna grupu la WhatsApp, hakuna fomu ya ahadi. Nikamuuliza mwenyewe, kaka, nikuandikie shilingi ngapi? Akacheka, akasema wewe njoo tu. Nikaona huyu ananionea aibu, nikamtumia hela kwa mtu aliyekuwa anashuka. Ikarudi kwa mkono wa mtu yule yule! Eti ameambiwa asiipokee.

Huku kwetu mtu wa karibu akikuruka kwenye mchango ujue kuna jambo. Mliowahi kuhudhuria harusi za Malawi, hii ni kawaida yao? Na nikienda, niende na nini mkononi?

#2 Kaa la Moto

Nimekaa paleee na chai ya maziwa, nasubiri wajuzi.

#3 Bibi Harusi Mstaafu

Mleta uzi una matatizo ya kitajiri wewe. Mimi mwezi huu kadi za michango zimejaa droo, kuna ya mtoto wa jirani ambaye hata jina lake nililisoma kwenye kadi. Mpe huyo Mmalawi namba yangu, awe rafiki yangu na mimi.

#4 Dereva wa M1

Mkuu tulia, hujatengwa. Malawi marafiki hawachangishwi kabla kwa staili yetu ya kadi na ahadi. Hela yenyewe inatoka siku ya shughuli, ukumbini, mbele ya macho ya watu. Wanaita perekani. Nimepiga mzigo barabara ya M1, ile kuu ya Malawi, muda mrefu, nimealikwa harusi Karonga na Lilongwe, ngoja nikupe picha.

Maharusi wako mbele. MC anaachia muziki na kuita watu kwa makundi. Ukoo wa bwana harusi! Wanakwaya! Waliosoma na bibi harusi! Waliozaliwa Juni! Wenye viatu vyeusi! Kundi lako likiitwa unanyanyuka, unacheza hadi mbele, na unaendelea kucheza huku unadondosha noti moja moja. Siyo unakabidhi bahasha na kurudi kukaa. Moja moja. Maharusi nao wanacheza wakikutazama, kuna kikapu au beseni, noti nyingine zinaanguka chini na kuna vijana ambao kazi yao ni kuokota tu. Pembeni ipo meza ya chenji, unatoa noti kubwa unapewa burungutu la noti ndogo. Kubwa yao ni 5,000, ilianza kutoka 2022. Ukienda mbele na 5,000 yako moja umecheza sekunde tatu umemaliza, umebaki unatoa jasho bure na watu wanakutazama.

Kwa hiyo hela iliyorudi usiile. Igeuze kwacha, noti za 100, 200 na 500, ukaimwage Mzuzu.

#5 Kinyonga wa Kitonga

Kamwene wote. Sasa sisi tusiojua kucheza tufanyeje? Iringa tunatoa elfu hamsini yetu kwenye kamati, tunakula pilau, tunapiga picha moja na maharusi, tunaondoka na heshima zetu. Kumwambia Mhehe akatikie bosi wake mbele ya wakwe ni uchokozi.

#6 Nyanya Chungu

Dereva kaeleza vizuri ila asiwadanganye kwamba Malawi hawana kamati. Dada yangu kaolewa Blantyre, kamati ilikuwepo, tena kali, na ndugu walichanga mapema. Tofauti niliyoiona mimi ni mlangoni. Kwetu kadi ya kuingilia ndiyo risiti ya mchango wako: ukitoa nusu unapata ya mtu mmoja, ukitoa kamili unaingia na mwenzako, usipotoa unaangalia kwenye status. Kule nilikuta watu wanaingia, ukumbi unajaa, halafu ndipo wanaanza kukamuliwa humo ndani.

Pia kabla ya kanisa kuna chinkhoswe. Washenga wa pande mbili, ankhoswe, wanakabidhiana kuku, jogoo na tetea, ndipo mnahesabiwa mmeoana. Na hapo napo perekani ipo! Sasa mleta uzi, usije ukaitwa Mzuzu kwenye kuku ukadhani ndiyo harusi, ukamwaga hela zote.

#7 Mzee wa Ipinda

#6 hapo sawa kwa Blantyre, lakini yeye anakwenda Mzuzu. Malawi si moja katika mambo haya. Wachewa na Wayao wa kati na kusini ni watu wa ukoo wa mama, kijadi bwana anahamia kwa mke, mahari hakuna. Kaskazini, yaani Watumbuka, Wangonde na Wangoni wa kule, mtoto ni wa baba na mahari ni ng'ombe, wanaita lobola.

Na hapo ndipo jibu lilipo. Wangonde na sisi ni watu wamoja, tulitenganishwa na mto Songwe pale Mwingereza na Mjerumani walipogawana. Wao wana Kyungu, chifu wao, Karonga, ila nyumbani mambo ni yale yale. Kwa Mnyakyusa wa zamani mchango wa ndoa ulikuwa ng'ombe, na ng'ombe haombwi rafiki, anaombwa baba mkubwa, mjomba, kaka. Kijana ameshasaidiwa na ukoo wake, wazee wakamwambia funga mlango. Ndiyo maana hela yako imerudi. Mama kukuita mwanangu ni upendo, si ukoo.

#8 Mwanjelwa Kwetu

Mzee wa Ipinda umenigusa pabaya. Kwa hiyo mimi ni wa kulala tu pale, kwenye mambo ya msingi si mwenzao?

#9 Mzee wa Ipinda

Sijasema hivyo mwanangu. Nimesema kila mtu na zamu yake.

#10 Parachichi Hass

Mimi naona mnazunguka. Jamaa ni mfanyabiashara, na kwacha ya Malawi ilishushwa thamani kwa asilimia 44 kwa mkupuo Novemba 2023. Wewe mchango wako wa kawaida wa Kitanzania ukifika kule ni hela inayosikika. Kesho wewe unaoa, atakurudishia nini? Mchango ni deni, wote tunajua, hata daftari la michango kila nyumba inalo. Mwenzako kakwepa deni lisilolipika. Mimi ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo.

#11 Dereva wa M1

#10 ukisema kwacha imeshuka sawa, ila usimfanye jamaa maskini. Wanaofunga mzigo masoko ya Mwanjelwa na Sido kupeleka Malawi nawajua, wengine wanatuzidi wote humu.

#12 Kaa la Moto

Mleta uzi una gari?

#13 Mwanjelwa Kwetu

Nina Noah. Kwa nini?

#14 Kaa la Moto

Basi kesi imeisha. Hataki hela yako, anataka Noah yako ibebe mashangazi kutoka Karonga hadi Mzuzu. Mchango wako ni mafuta na tairi. Ndugu yangu utarudi na harufu ya samaki ndani ya gari mpaka Krismasi.

#15 Bibi Harusi Mstaafu

Hahahaha #14 una roho mbaya lakini umeongea.

#16 Wakala Pale Kasumulu

Habari wakuu. Niko mpakani, niwape mambo ya njia maana naona watu wanajadili noti kabla ya kuvuka.

Kutoka Mbeya unakatia Uyole, Kiwira, Tukuyu, unashuka mpaka njia panda ya Kyela, unanyoosha Kasumulu. Ni zaidi kidogo ya kilomita 100. Ukivuka daraja upande wa pili unaitwa Songwe, kutoka hapo Karonga haifiki kilomita 50. Karonga hadi Mzuzu ndiyo safari sasa, kama kilomita 220.

Mtanzania haulizwi viza Malawi kwa matembezi. Pasi unayo? Kama huna, uhamiaji wanatoa hati ya dharura ya safari kwa 20,000, pasi yenyewe ni 150,000 na haitoki siku moja, hivyo usisubiri wiki ya harusi. Kama unakwenda na Noah, beba kadi halisi ya gari. Kama gari lina jina la mtu mwingine, njoo na barua yake. Na ukate ile kadi ya njano kabisa.

#17 Kinyonga wa Kitonga

Kadi ya njano nilichoma sindano zamani, mimi nipo salama.

#18 Wakala Pale Kasumulu

Hahaha hapana kiongozi, hiyo ya sindano ni ya homa ya manjano. Ninayosema mimi ni bima ya gari ya kuvukia mipaka, ya COMESA, ile jumuiya ya soko la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika. Zote mbili zinaitwa kadi ya njano na kila wiki kuna mtu ananionyesha cheti cha sindano akiulizwa bima.

#19 Parachichi Hass

Mbona Tanzania ilitoka COMESA tangu 2000? Hiyo bima inatuhusu vipi?

#20 Wakala Pale Kasumulu

Jumuiya tulitoka, kwenye mpango wa bima tumo. Muulize wakala yeyote wa bima hapo mjini, anakukatia.

#21 Nyanya Chungu

Na hiyo ya sindano wanaiuliza kweli? Mimi nilivuka bila kuulizwa.

#22 Dereva wa M1

Mimi nimeulizwa. Beba tu, karatasi haili ugali.

#23 Mtoto wa Vwawa

Samahani, mnasema Songwe, Songwe. Mimi naishi Songwe na sijaona daraja la Malawi.

#24 Kaa la Moto

Wewe uko mkoa wa Songwe, uliomegwa Mbeya 2016. Uwanja wa ndege wa Songwe umebaki mkoa wa Mbeya. Mto Songwe unapita mpakani. Na Songwe ya wakala ni forodha ya Wamalawi. Wewe kaa Vwawa usije ukapotea.

#25 Mtoto wa Vwawa

Ahsante kwa kejeli. Kwa kuwa niko huku, niwape ya Zambia, maana harusi za ng'ambo si Malawi peke yake. Nilialikwa Kasama na binti tuliyefanya naye kazi. Nikavuka Tunduma-Nakonde, pale mambo mepesi tangu kituo cha pamoja kilipozinduliwa 2019, unamalizana nao jengo moja.

Wabemba wana kitu kabla ya harusi, kina mama wa upande wa bibi harusi wanampikia bwana harusi na watu wake vyakula vyote vya kwao. Nadhani mtu akioa Kasama anaonjeshwa maisha yake yote yaliyobaki siku hiyo. Kuna mboga ya karanga, uyoga, maharage, samaki wa kukausha, kuku mzima, na kila sahani inafunuliwa kwa wimbo wake, na anayekuja kula analipia kufunuliwa. Mimi nilikaa upande wa wanaume kwa makosa ya mwenyeji, nikala mpaka nikasahau kilichonileta.

Harusi yenyewe, wapambe hawaingii kwa kutembea. Wanaingia kwa kucheza, safu mbili, wamefanya mazoezi wiki nyingi, mtu akikosea hatua ukumbi mzima unaguna. Ila kuhusu mchango, wale walinichangisha kabla kama Watanzania. Sasa sijui hii ya Mzuzu.

#26 Kinyonga wa Kitonga

#25 ulilipa kwa kwacha za wapi? Maana kuna jamaa yangu alibaki na kwacha za Zambia akadhani atazitumia Malawi.

#27 Mtoto wa Vwawa

Jina moja, hela mbili tofauti kabisa. Wazambia walifuta sifuri tatu kwenye yao mwaka 2013, kwacha mia ya Zambia ni hela ya maana, kwacha mia ya Malawi ndiyo hiyo Dereva anasema unadondosha ukicheza. Mtu akichanganya anaweza kumwaga mshahara.

#28 Mama Rungwe

Ndaga. Mimi nije kwenye swali la mkononi uende na nini, maana wanaume mmejaa kwenye noti tu. Mtu haendi kwa watu mikono mitupu halafu asingizie MC. Kwetu ungebeba mkungu wa ndizi na debe la mchele wa Kyela.

#29 Wakala Pale Kasumulu

Mama yangu, shikamoo. Ndizi usimshauri. Malawi wamekuwa wakali na ndizi za nje muda mrefu kwa sababu ya ugonjwa ulioua migomba yao. Na Machi 2025 walizuia mchele, unga, tangawizi, ndizi na mahindi kutoka nje, sisi tukajibu mapigo Aprili kwa kuzuia mazao yao, malori yakapanga foleni mpaka wakubwa wakakaa mezani na sisi tukafungua. Mkungu mmoja unaweza kukuponza. Ukilazimika kubeba mazao, pitia kwanza kwa watu wa afya ya mimea, TPHPA, wakwambie kinachohitajika wiki hiyo.

#30 Mama Rungwe

Marahaba mwanangu. Basi dunia imeharibika, ndizi ya zawadi inaombewa cheti.

#31 Dereva wa M1

Na mchele ndiyo usithubutu kabisa. Karonga wanalima mchele mtamu, na wanauita Kilombero! Nchi nzima Malawi ukitaka kusifia wali unasema ni Kilombero wa Karonga. Ukienda na wa Kyela ni kumpelekea mwenye kisima ndoo ya maji.

#32 Mzee wa Ipinda

Kilombero ni Morogoro. Wao wamechukua jina. Na wa Kyela hauna mpinzani, hilo tusilijadili.

#33 Dereva wa M1

Mzee wangu umeshawahi kuula ule wa Karonga?

#34 Mzee wa Ipinda

Sina haja.

#35 Nyanya Chungu

Mama Rungwe yuko sahihi kuhusu mikono mitupu. Mleta uzi, chukua kitenge kizuri, doti mbili, moja ya mama mzaa bwana harusi na moja ya mama wa bibi harusi. Kule wanawake chitenje wanakithamini sana na vya huku kwetu wanavipenda. Mpe mama siku moja kabla, nyumbani, siyo ukumbini kwenye makelele. Yule mama aliyekuita mwanangu akivaa kitenge chako kanisani, hayo maswali ya ukoo ya mzee yatajijibu yenyewe.

#36 Mwanjelwa Kwetu

#35 hii nimeipenda. Nitakwenda na mke wangu, yeye ndiye mwenye jicho la vitenge.

#37 Babu wa Isanga

Mkeo asivae suruali huko. Malawi mwanamke akivaa suruali anakamatwa.

#38 Nyanya Chungu

Babu, hiyo ni ya enzi za Kamuzu Banda, rais wao wa kwanza. Sheria ilitungwa 1973 na ikafutwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mzuzu leo mabinti wanavaa jinzi kama Mbeya. Kanisani kwa heshima tu, gauni au kitenge, kama tunavyofanya wenyewe.

#39 Babu wa Isanga

Nilikuwepo enzi hizo. Mpaka wanaume wenye nywele ndefu walinyolewa mpakani.

#40 Kaa la Moto

Babu hapo tunakuamini, ila mleta uzi ana kipara.

#41 Kinyonga wa Kitonga

Swali la wakati. Kadi ya mwaliko ikisema saa nane mchana ni saa nane ya nani?

#42 Wakala Pale Kasumulu

Ya kwao, wako nyuma yetu saa moja, sawa na Zambia. Saa nane ya Mzuzu ni saa tisa ya Mbeya. Ukisahau kurudisha saa unafika mapema, hakuna hasara, utasaidia kupanga viti. Hasara iko wakati wa kurudi. Unaondoka kule ukijiona bado una muda, ukigusa Tanzania saa imekwenda mbele. Msijaribu kurudi siku hiyo hiyo. Laleni.

#43 Dereva wa M1

Na ukumbi wao hauchezi usiku kucha kama sisi. Zile nilizokwenda zilianza mchana, jua likizama watu wanakusanya viti. Sisi tunaozoea MC anaanza utambulisho saa nne usiku na chakula saa sita, unaweza kufika ukakuta wanafagia noti zilizobaki.

Mengine kwa haraka. Jaza tenki Tukuyu au Kyela, Malawi mafuta yamekuwa yakikatika mara kwa mara kwa sababu ya uhaba wa dola, na foleni ya petroli na suti havikai pamoja. Suti yenyewe itundike, usiivae: Karonga kuko kando ya ziwa, joto la kutosha, Mzuzu ndiyo baridi inayofanana na yetu. Halafu kuna mlima wa Chiweta. Unatembea na ziwa pembeni, raha mustarehe, mara barabara inakata na kupanda ukuta. Kona zake si mchezo. Gia ndogo, usifuate lori kwa karibu.

#44 Kinyonga wa Kitonga

Unamwambia mtu wa mlima Kitonga habari za kona?

#45 Dereva wa M1

Kitonga naijua vizuri tu. Chiweta unaangalia ziwa zima chini yako, macho yanaibiwa. Hapo ndipo watu wanapokwenda.

#46 Babu wa Isanga

Ziwa gani? Ziwa Nyasa.

#47 Wakala Pale Kasumulu

Babu tafadhali. Mleta uzi, ukiwa ukumbini pale ukaulizwa ziwa linaitwaje, wewe sema "ziwa letu" halafu endelea kucheza. Wao kwao ni Ziwa Malawi, na mpaka wanaousimamia ni ule wa mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890, ufukweni kwetu. Sisi tunasema mpaka upite katikati ya maji. Marais wameshindwa kulimaliza, wewe hutalimaliza kwenye keki.

#48 Parachichi Hass

Turudi kwenye mada. Bado hamjajibu, NANI alimwambia asiipokee hela? Mleta uzi kaandika "ameambiwa". Perekani ya Dereva haielezi hilo. Mtu anaweza kupokea elfu hamsini leo na bado ukacheza Jumamosi.

#49 Bibi Harusi Mstaafu

Bibi harusi huyo. Mimi nawajua wanawake wenzangu. Kuna rafiki wa mume anayelala nyumbani kila mwezi, anatuma hela kwa mkono, halafu kesho ataanza kusema "mimi ndiye niliyewaoza". Binti kamkata mapema.

#50 Mama Rungwe

Au mama mzaa. Mimi mwanangu akiletewa hela na rafiki yake anayekula kwangu nisingeikubali. Huyo ni wa nyumbani, utamchangishaje mtu wa nyumbani? Mzee wa Ipinda amesema si ukoo, mimi nasema wamemuweka ndani zaidi ya ukoo. Hela yake wameirudisha kwa sababu si mgeni.

#51 Mzee wa Ipinda

Mama Rungwe, mtu wa ndani ndiye anayechanga. Hiyo hoja inajipinga.

#52 Mama Rungwe

Kwa wanaume.

#53 Nyanya Chungu

Inawezekana ni kanisa tu. Kuna makanisa hayataki michango ya harusi kuzunguka ovyo, kila kitu kipite kwa kamati moja. Au hela ilifika kamati ikiwa imeshafunga hesabu. Mnatafuta mchawi bure.

#54 Mwanjelwa Kwetu

Wakuu, nimewasoma wote. Nimempigia jana, nikamuuliza waziwazi nani kakukataza. Akanyamaza kidogo, akasema "tutaongea ukifika", halafu akaniuliza kama Noah ina kiyoyozi.

#55 Kaa la Moto

NIMESEMA MIMI. Mashangazi hao!

#56 Parachichi Hass

Hapana, hilo la "tutaongea ukifika" ni zito zaidi ya Noah. Huenda anataka uwe mpambe wake. Hapo gharama yako ni suti, na kule mpambe anacheza mbele ya watu perekani nzima, hakai.

#57 Dereva wa M1

Kama ni mpambe basi ajiandae magoti. Makundi yanaweza kuitwa mpaka MC akaishiwa sababu, nilishasikia "wenye meno meupe waje mbele". Mleta uzi anza mazoezi sasa, na weka pembeni hela ya kutosha, maana mpambe hadondoshi noti za 100.

#58 Mwanjelwa Kwetu

Basi nimeamua nakwenda. Natoka Mbeya Alhamisi alfajiri, nalala Karonga, Ijumaa napanda Mzuzu, narudi Jumapili. Kuanzia Mbeya hadi Karonga nina nafasi mbili kwenye gari, baada ya hapo sijui nitapakizwa nani. Kitenge mke wangu ameshapata. Mwenye noti ndogo za kwacha zilizobaki nyumbani ani-PM, nanunua.

#59 Babu wa Isanga

Nina za zamani za enzi za Kamuzu, zenye picha yake. Nyingi tu.

#60 Wakala Pale Kasumulu

Babu hizo peleka makumbusho. Mleta uzi njoo, nitakuonyesha pa kubadilishia, ila usibadilishe kwa wale wanaokukimbilia dirishani kabla hujashuka. Shuka, hesabu, kaa chini, hesabu tena.

#61 Kinyonga wa Kitonga

Nafasi moja nachukua mimi. Nataka tu nione Mhehe anaweza kucheza sekunde ngapi.

#62 Bibi Harusi Mstaafu

Ya pili yangu. Noti nakuja nazo mwenyewe, kucheza najua, lakini nakaa siti ya mbele mpaka huko Karonga, nyuma natapika. Na mkeo umwambie mapema, sitaki kugombana na mtu Tukuyu.